Dada wa Morogoro, usimlipe kwanza huyo ejenti wa Thailand

Kuna dada wa Morogoro ameniandikia, nafupisha: “Dada habari. Nina digrii ya ualimu, Kiingereza na Historia, najitolea shule ya kata mwaka wa pili huu, ajira sijapata. Ejenti amenicheki WhatsApp anasema kuna kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, mshahara kama milioni 3 na nusu, nyumba bure. Nimlipe milioni 1.8 ya usajili, niende na viza ya utalii, watanibadilishia kule kule. Amesema ualimu usipopatikana kuna nafasi za huduma kwa wateja. Nataka kujua maisha ya kila siku yakoje, sisi Waafrika wanatuchukuliaje, na nitabaki na kitu mkononi kweli?”

Mdogo wangu, mi nimefundisha kule miaka saba, Novemba 2016 mpaka 2023, yote mkoa wa Roi Et, huko kaskazini mashariki wanakoita Isan, kwahiyo nitakayokwambia ni ya mtu wa mkoani, Bangkok nilikuwa naenda kusuka nywele na kurudi. Nianze na hilo la huduma kwa wateja uliloandika kama la pembeni, maana ndo limenifanya nijibu leo leo badala ya wikendi.

Hiyo haijawekwa kama kazi ya akiba, naogopa hiyo ndo kazi yenyewe. Magharibi ya Thailand kuna mji unaitwa Mae Sot, uko mpakani kabisa, ukivuka mto Moei uko Myawaddy, Myanmar, na ng'ambo hiyo ndo kuna yale makambi ya utapeli wa mtandaoni, watu wanafungiwa ndani wanachati usiku kucha na wazungu kuwadanganya mapenzi na uwekezaji, usipofikisha lengo la siku unapigwa, ukitaka kutoka unaambiwa ujikomboe kwa hela. Wakenya, Waganda, Waethiopia wameingia humo kwa matangazo kama hilo lako, Kenya serikali yao ilianza kutoa onyo tangu 2022, na Februari 2025 walipotolewa watu kwa maelfu kupitia Mae Sot ndugu zetu Waafrika walikuwa wengi tu humo ndani. Sasa sijui huyo ejenti wako ni wa aina hiyo au ni mla hela wa kawaida, ila hesabu yake ni ile ile: shule inayokutaka ina jina, iko kwenye ramani, ina mwalimu Mthai utakayeongea nae kwa video akiwa amesimama hapo hapo shuleni na watoto wanapiga kelele nyuma yake, na inakuandalia yenyewe barua za viza. Haikuombi milioni 1.8. Na ikitokea umeshatua Bangkok dereva anakwambia shule iko masaa saba nane kwa gari kuelekea magharibi, wewe usipande, kaa hapo hapo eapoti tafuta polisi wa watalii au piga simu kwa mtu yeyote unayemjua. Nimemaliza hapo, tuje kwenye maisha.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kule hawakuajiri kwa sababu ya gramaa yako. Unaajiriwa ili uonekane. Mzazi akileta mtoto getini asubuhi amuone mgeni kasimama pale anasema gudimoning, moyo wake unatulia, ada anaiona imefanya kazi. Na kama kazi ni kuonekana basi sura na paspoti vinakuja kabla ya Kiingereza, ndo maana matangazo mengi yanasema bila aibu wanataka neitivu spika, kwa maana ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Ireland, Afrika Kusini nae mara anapita mara hapiti. Wewe uliyesoma kwa Kiingereza kuanzia fom wani mpaka chuo hauhesabiki, unaambiwa lete cheti cha mtihani, wengi wanakubali TOEIC, ni maswali 200 ya kusikiliza na kusoma kwa masaa mawili, maksi za juu kabisa ni 990 na wanachotaka ni kuanzia 600. Usiuogope. Mwenye digrii ya Kiingereza akilala vizuri usiku wake anaupita, mimi nilipata mia tisa na kitu, na bado kwenye intavyuu mama mmoja aliniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga eti nilijifunzia wapi kuongea. Nilimjibu shuleni. Alafu CV bila picha huwa haifunguliwi, na wakishaiona picha ndo unasubiri simu ambayo haiji.

Kwahiyo sisi tunaingiaje? Tunaingia pale mwingine anapotoka. Mwaka wao wa shule unaanza katikati ya Mei, Oktoba wana likizo, muhula wa pili unaanza Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, na kila Oktoba kuna wazungu wanaoenda ufukweni na mshahara wao wa mwezi wa tisa na hawarudi. Mimi nilipata hivyo hivyo, kaka mmoja Mganda alikuwa anafundisha shule ya jirani, mzungu wa shule yangu akayeyuka, mkuu wa idara anahaha, yule kaka akasema nina dada yangu Mtanzania ana digrii. Ndani ya wiki tatu makaratasi yakafika Nairobi kwenye ubalozi wao, nikachukulia viza pale. Hakuna ejenti niliyemlipa, hakuna ada, ila kulikuwa na mtu aliyeweka jina lake mezani kwa ajili yangu, na kwa Mwafrika hiyo inashinda vyeti vyote. Ndo maana miji midogo inatufaa, ukishajulikana mmoja mnajulikana wote, ukiharibu nae mmoja nyote mmeharibikiwa, jua na hilo.

Makaratasi nakueleza haraka haraka ila usiyaruke. Viza unayotaka inaitwa Non-Immigrant B, siku hizi maombi yao yanaenda kwa mtandao, inakupa siku 90, ndani ya hizo shule inakutafutia ruhusa ya kufundisha ya miaka 2 kutoka baraza la walimu linaloitwa Khurusapha na kibali cha kazi, kisha uhamiaji wanakuongezea ukaaji wa mwaka kwa baht 1,900, baht ndo hela yao. Baada ya hapo kila siku 90 unaripoti unapoishi kama mfungwa wa nje vile, utazoea. Ukipitisha siku zako ni baht 500 kwa kila siku mpaka 20,000. Kufundisha na viza ya utalii ni kosa, kuna faini kuanzia baht 5,000 mpaka 50,000 na kurudishwa nyumbani, na hapo shule itasema haikujui. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache, wanaotoka kwetu wanadaiwa. Na kuna kakitu kanaitwa ri-entri pamiti, ruhusa ya kutoka nchini na kurudi bila kupoteza ukaaji wako, baht 1,000 ukitoka mara moja, 3,800 kutoka na kurudi utakavyo, mimi mwaka wa pili nilivuka daraja la Mukdahan nikaenda Savannakhet, Laos, kutembea wikendi moja tu na wenzangu, sikukalipia, nilivyogusa upande wa pili ule mwaka wangu mzima wa ukaaji ukafutika nikaanza upya tangu viza. Baguette za Laos nilizokula siku ile ndo mkate ghali kuliko yote niliyowahi kula maishani.

Sasa siku yenyewe. Nilifika mwisho wa Novemba 2016, Mfalme Bhumibol alikuwa amefariki tarehe 13 Oktoba, mimi na begi langu la vitenge, nashuka nakuta nchi nzima iko kwenye nguo nyeusi. Watumishi wa serikali walivaa nyeusi mwaka mzima, kwahiyo kitu cha kwanza nilichonunua Thailand ni sketi mbili nyeusi na mashati matatu sokoni, vitenge vikakaa begini mpaka mazishi yalipopita Oktoba 2017. Na hapo hapo nikwambie, habari za ufalme usitanie, usiongee, usilike chochote, sheria yao kifungu cha 112 kinaanzia miaka 3 mpaka 15 jela kwa kosa moja, wewe kaa kimya kama hujasikia.

Kwa kawaida lakini Jumatatu ni njano, kuna siku ya sare za skauti ambayo nusu ya walimu nao wanavaa, na kuna siku ya nguo za kienyeji. Mwanamke sketi ipite magoti. Saa moja na dakika ishirini niko getini, watoto wanashuka kwenye pikipiki za bibi zao, wananifanyia wai, ile ya kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa. Hii wai ndugu yangu usihangaike kuisoma kwenye vitabu, wewe ichukulie ni shikamoo ya mikono tu, mdogo anaanza, mkubwa anapokea, ukimwanza mwanafunzi wako watu wanacheka kama vile mwalimu mkuu kumwamkia shikamoo mtoto wa darasa la pili. Na wanaitana kindugu kama sisi, aliyekuzidi kidogo ni phi, mdogo wako ni nong, mama wa mgahawani ni paa, yani shangazi, mzee wa getini ni lung, mjomba. Wazungu niliofanya nao kazi hiyo iliwachukua miaka, mimi wiki ya kwanza nilikuwa nishamwita paa yule mama wa kantini na nikawa napewa yai la juu bila kulipa.

Saa mbili kamili wimbo wa taifa, nchi nzima, shuleni, stendi, sokoni, na tena saa kumi na mbili jioni, popote ulipo unasimama. Shuleni baada ya wimbo kuna sala yao ya Kibuddha, kisha matangazo, kisha mwalimu wa nidhamu anagomba kwa maiki, na jua hilo linakupiga utosini, mwezi wa tatu ukiingia ni nyuzi karibu 40. Nilimuuliza mwenzangu anasema nini muda wote huo, akaniambia anaongelea soksi. Dakika ishirini soksi.

Alafu unaingia darasani. Shule za serikali kila darasa linapata mgeni mara moja kwa wiki, kwahiyo mimi nilikuwa na madarasa 16, watoto karibu 600, somo moja. Jumatatu somo bichi, unajiumauma, Jumatano limeiva, Ijumaa mchana limeungua unalisema huku unafikiria nauli. Majina 600 hutayaweza, bahati nzuri kila Mthai ana jina la utani fupi analotumia maisha yake yote, nimefundisha Ice, nimefundisha Bank, kuna darasa nilikuwa na Beer na Benz wanakaa dawati moja. Unafungia kaspika kadogo kiunoni na maiki kichwani la sivyo sauti inakufa mwezi wa kwanza, watoto 46, mafeni yanalia juu, ni saa saba mchana wametoka kula.

Nikupe kitu kimoja ambacho kitakusaidia kuliko kozi yoyote. Mthai anakata mwisho wa neno, sisi tunaongeza. Sisi bus tukaipokea ikawa basi, yeye ukimwambia bus anasema bat, herufi zao za mwisho zinageuka, football inakuwa futbon, apple inakuwa appen, rice anaishia rai. Siku ya kwanza nimeandika bus ubaoni nasema rudieni, darasa zima linaniambia bat, nikavuta sss mpaka mate yakaisha, hakuna. Mtoto mmoja wa mbele akajitahidi kweli akasema ba-si. Nikakaa chini kwenye meza ya mwalimu nikacheka peke yangu, nikajiona nipo stendi ya Msamvu. Kuanzia siku ile nikawa nawafundisha kwa mpangilio wetu, tunaongeza kairabu nyuma kwanza, ba-si, fu-tbo-li, ra-isi, wakishaikamata ile herufi tunaipunguza ile irabu kidogo kidogo mpaka inapotea. Inafanya kazi. Wazungu walikuwa wanatamka tu kwa sauti kubwa zaidi. Na R wanaifanya L kama baadhi ya wenzetu kule nyumbani wanaoenda kupiga kula, kwahiyo hiyo haikunipa shida ya masikio hata kidogo.

Mimi nao walinilipiza kwenye Kithai chao, kina toni tano, karibu na mbali ni neno lile lile klai, unashusha sauti ni karibu, unainyoosha ni mbali. Miezi ya mwanzo nilikuwa nawaambia bodaboda wao wale wenye vizibao vya rangi ya chungwa kwamba naenda mbali, hapo ni mita 400. Wananiangalia, wanawasha, tunafika, wananiangalia tena.

Usitegemee kuambiwa kitu. Utaandaa somo, unafika darasa tupu, watoto wako uwanjani wiki nzima wanafanya mazoezi ya kucheza ngoma za siku ya michezo, ambayo wao wanaipenda kuliko Krismasi ya mtu yeyote, na kila mtu alikuwa anajua isipokuwa wewe. Ukiuliza unaambiwa mai pen rai, usijali. Ukikasirika mbele za watu umepoteza wewe, kule anayepaza sauti ndo mwenye kosa, hata kama haki ni yake. Mimi mtu wa Tanga nilidhani ni mpole, kumbe bado. Na hata ukikosa vipindi vyote huondoki, unakaa ofisini mpaka saa kumi na nusu jioni, unaweka kidole kwenye mashine, unaenda.

Kufeli hakupo. Mtoto akipata sifuri anatakiwa aje aifute, na ukiibakiza utaitwa wewe, sio yeye. Mwanzoni iliniuma, sisi tumetoka kwenye nchi ambayo mtoto wa miaka 13 anaweza kufungiwa mlango na karatasi moja. Sasa kuna mwaka alikuja kijana mmoja mrefu wa nyuma kabisa, hajawahi kuongea darasani muhula mzima, nikamwambia nipe sentensi kumi nakufutia. Akasimama pale mezani kwangu, amevua viatu mlangoni kama wanavyofanya, soksi ina tundu, akanyamaza kama dakika mbili hivi. Akasema baba yangu kwenda Korea. Nikasema moja. Mama yangu kwenda Bangkok. Mbili. Mimi kukaa na bibi. Tatu. Isan ndo ilivyo, wazazi wako viwandani mjini au wamezamia Korea na Taiwan, watoto wanalelewa na bibi. Ya nne akanigeuzia akaniuliza mwalimu wewe mtoto nani anakaa nae. Mwanangu alikuwa na mama yangu Tanga. Nikamwambia bibi. Akatingisha kichwa, hakushangaa, nikamfutia sifuri yake, zile sita zilizobaki nilimsamehe.

Pesa sasa, najua ndo umeiruka mpaka hapa. Baht moja wakati wangu ilikuwa inacheza kwenye shilingi 65 mpaka 75 hivi, kwahiyo hiyo milioni 3 na nusu anayokwambia ni kama baht 48,000, zipo, ila anazipata mtu mwenye leseni kamili au mwenye paspoti wanayoitaka, wewe mwaka wa kwanza sahau. Mimi nilianza na 25,000, nikaacha na 32,000. Chumba chenye choo chake ndani na kibaraza 3,000, umeme mwenye nyumba anakupangia bei yake kwa yuniti kwahiyo ukiwasha AC usiku kucha unajilipia mwenyewe ujinga, mimi nilikuwa 800 na feni. Chakula 6,500, pikipiki na mafuta 2,800, bando 400, bima ya jamii walinikata 750. Inabaki elfu 10 na kidogo, ukitoa sabuni na michango ya ofisini, maana harusi na misiba wanachangishana kwa bahasha kama sisi, unatuma nyumbani baht elfu 8. Laki tano na kitu. Sio mbaya, ila haijengi nyumba kwa mwaka mmoja kama anavyokwambia.

Na soma mkataba umeandikwa miezi mingapi. Wa kwangu wa mwanzo ulikuwa wa ejensi iliyosimama kati yangu na shule, unalipwa miezi 10, Machi mwishoni mpaka Mei unajitegemea, unakula akiba kama siafu. Mwaka 2020 ndo nilijua maana yake, korona ilipoingia serikali ikasogeza kufungua shule mpaka Julai mosi, ejensi ikanyamaza, haipokei simu, nilikaa karibu miezi minne bila shilingi. Yule paa wa kantini ndo alikuwa ananiletea wali wa kunata kwenye kikapu. Nilivyorudi kazini nikamwambia mkuu wa shule mimi niajiri moja kwa moja au niende, akaniajiri, miezi 12. Ningejua ningemwambia mwaka wa kwanza. Masomo ya ziada ya jioni usiyategemee kwenye bajeti, kibali cha kazi kimeandikwa mwajiri wako ni nani.

Wanatuchukuliaje? Nitakwambia ukweli ambao hauendi upande mmoja. Dukani kila kipodozi kinasema kinang'arisha, hata sabuni ya kwapa, na watoto wadogo watakuuliza kwa nini hauogi, hawana ubaya, wanauliza. Wiki ya kwanza bibi mmoja sokoni alinishika mkono akausugua kwa kidole gumba akaangalia kidole chake. Niliumia, sikulala. Baada ya mwezi bibi huyo huyo ananiwekea papai bichi na kunigombeza nisiponunua kwake. Mjini wakijua wewe ni mwalimu mambo yanabadilika kabisa, neno khru, yani mwalimu, ni zito, kuna siku mwezi wa sita, huwa Alhamisi, inaitwa Wai Khru, watoto wanatembea kwa magoti mpaka miguuni pako na maua waliyoyapanga usiku, kuna majani ya ukoka humo na ua la nyanya chungu. Mi nilivyofundisha kule kwetu hakuna mtoto aliwahi kuniletea hata embe. Nililia mpaka wanja ukashuka, mwalimu wa sayansi akapiga picha, ikatundikwa ofisini miaka yote.

Lakini nje ya mji wako unaanza sifuri tena. Mji mwingine, mwenye chumba anaona sura, chumba kimejaa. Wanaume wetu wanasimamishwa sana na polisi kuliko sisi wanawake, tembea na paspoti au kopi yake muda wote.

Chakula sina wasiwasi na wewe. Isan wanakula wali wa kunata, khao niao, unaufinyanga tonge kwa vidole unachovya kwenye pilipili yao jaew au unashushia na som tam, kachumbari yao ya papai bichi, mkono wa kulia, hakuna kijiko, wazungu wanapata tabu, wewe utakula kama uko msibani kwenu. Ile som tam yenye samaki aliyeoza usiikimbilie wiki ya kwanza, dagaa wetu ni marashi mbele yake. Kilichonitesa ni mboga. Sasa kule mihogo ipo mashamba kwa mashamba, wanapeleka kiwandani kutoa wanga, majani yanabaki tu, siku moja nikasimamisha pikipiki nikaomba. Mzee hakuelewa, akanielewesha kwa ishara kuwa ni sumu, kweli ile mihogo yao mingi ni michungu. Nikayachuma, nikatwanga kwenye kinu chao cha udongo cha som tam, kinu kidogo kama bakuli na mchi wa mti, nilitwanga masaa mawili mwenye nyumba anachungulia dirishani, nikachemsha nikamwaga maji, nikachemsha tena mpaka gesi ikakaribia kuisha, nikaweka tui la paketi na karanga. Nilimpelekea bakuli. Akanusa, akaita dada yake, wakala wamesimama, kesho yake akaniletea mfuko mzima wa majani. Ukipata majani fanya hivyo hivyo, chemsha kweli kweli, usije ukasema dada wa Tanga kakuua.

Upweke upo. Sio ule wa kukosa watu, watu wamejaa, ni wa kukosa mtu wa kumwambia neno likapokelewa kama ulivyolisema. Kiswahili nilikuwa naongea na simu. Bangkok kuna Waafrika, Pratunam utakuta wafanyabiashara wa nguo, na mtaa wa soi 3 pale Nana kuna chakula cha Waarabu na fufu ya Wanaijeria, wa madini nao wanafika mpaka Chanthaburi, ila kutoka Isan kwenda huko ni usiku mzima kwenye basi, nilikuwa naenda mara tatu kwa mwaka kusuka, nalala kwa dada Mkenya, tunapika, tunaongea mpaka koo linakauka, narudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Huyo ejenti muulize jina la shule na namba ya simu ya ofisi, akikuzungusha mblok. Hiyo milioni 1.8 itumie kwenye mtihani wa Kiingereza, cheti cha TEFL, yani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha masaa 120, karatasi ya polisi ya tabia njema, na transkripti ya chuo, omba nakala halisi tatu sio moja, na chuo kiwe tayari kujibu barua maana kule wanaandikia kuhakiki. Digrii ya ualimu uliyonayo ina uzito kuliko unavyodhani, wengi wa wale wazungu wana digrii za utalii. Anza kuandika kwa shule mwezi wa tisa, watakapokuwa wanahesabu nani hatarudi, andikia mikoa isiyo na bahari, na kama kuna Mtanzania, Mkenya au Mganda umepata habari zake yuko huko, mtafute umsalimie kwanza kabla hujamwomba kitu.

Kwenye begi weka viatu jozi mbili za kazini, ukivaa zaidi ya namba 40 za kike kule hupati, viwe vya kuvua haraka maana utavua mara kumi kwa siku. Nywele za kusukia. Sketi moja nyeusi. Vitenge beba, wataviomba. Na sembe kilo tano, weka kwenye begi kubwa, sio la mkononi, mi eapoti walinimwagia wakitafuta nini sijui.